Pasheni kubwa inachanua haizai? Mmea wako si dume

Wiki tatu zilizopita mzee mmoja jirani yetu hapa Nyegezi, Mwanza, alikuja kuazima panga. Nilipomuuliza anakwenda kukata nini, akajibu bila kusita: "Ile pasheni uliyonipa, mwanangu. Mwaka wa pili huu inajaza maua tu juu ya banda la kuku. Ile ni dume. Hii ya kwako ndiyo jike, nikatie kipande nipande upya."

Panga sikumpa. Kipando alichopanda nilimkatia mimi mwenyewe, kutoka kwenye shina hilihili alilokuwa akiliita jike. Na kipando ni mama yake aliyehamia shamba jingine, kama kijiti cha muhogo: hakibadiliki jinsia njiani. Kama wangu ni jike, wake pia ni jike. Ila hapa hakuna jike wala dume, na kwa vile nimesikia neno hilohilo Mkolani, Buhongwa na hata kwa ndugu zangu Ukerewe, nimeona nilieleze jambo hili tangu mwanzo. Watu wanakata mimea mizima isiyo na kasoro yoyote. Wakati huohuo wengine wanauziwa majani yake kwenye chupa kama dawa ya damu, na hilo linaniudhi zaidi kuliko panga.

Tuanze na tunda lenyewe. Pasheni ninayoisema si ile ndogo ya zambarau inayokunjamana ikiiva, tunayoikamua juisi, ambayo Pwani huiita karakara. Ni ndugu yake mkubwa. Tunda lina urefu wa sentimita 20 hadi 30, na ukiliona limelala sokoni utadhani ni papai au tikiti changa. Ngozi yake ni laini na nyembamba, ya kijani kinachopauka kuelekea njano. Ukilipasua unakuta nyama nyeupe nene, unene wa vidole viwili hivi, na katikati kuna uwazi uliojaa mbegu bapa za kahawia, kila moja imevikwa ute mtamu wenye uchachu kidogo. Papai halina huo ute, tikiti halina huo uwazi. Ukitaka uhakika kabla tunda halijatokea, shika shina. Pasheni hii ina shina la pembe nne, kama bomba la mraba analotumia fundi wa mageti, na kila pembe ina utando mwembamba kama ukingo wa jani. Ndiyo maana wataalamu wa mimea waliiita *Passiflora quadrangularis*, yaani yenye pembe nne. Jina hilo ilipewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1759.

Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Kwetu ni mgeni aliyezoea. Inapenda joto, unyevu na udongo unaopitisha maji, na ukanda wa ziwa unavyo. Mwanza tuko mita zipatazo 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Ile pasheni ndogo ya zambarau hustawi zaidi kwenye nyanda za juu zenye ubaridi, kwa hiyo aliyehangaika nayo huku chini akakata tamaa huenda akafurahia hii kubwa.

Kisa cha dume na jike

Imani hii haikuzuka hewani. Imetoka kwa mpapai. Mipapai mingi kweli ina jinsia: mti mmoja dume, mwingine jike, na dume hutoa maua marefu yanayoning'inia ambayo kwa kawaida hayawi kitu. Kila mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye mipapai amemwona mama yake akiangalia ua la kwanza na kuamua nani abaki na nani aondoke. Mtu mwenye elimu hiyo akiona pasheni inachanua haizai, anaitumia palepale. Elimu si mbaya, ila imepelekwa kwa mmea usiohusika.

Mimea imegawanyika katika hili kwa namna tatu, na ukizijua hizo utaelewa nusu ya bustani yako. Namna ya kwanza ni hiyo ya mpapai, mti mzima ni mume au mke. Ya pili ni ya boga, tango na tikiti: mmea ni mmoja lakini maua ni ya aina mbili. Ua la kike la boga utalijua kwa kiboga kidogo kilichovimba nyuma yake, la kiume limesimama juu ya kikonyo chembamba kitupu. Ya tatu ni ya pasheni: kila ua lina vyote viwili ndani yake, baba na mama chini ya paa moja. Kwa hiyo mmea wa pasheni ulio dume haupo.

Swali linabaki: kama baba na mama wako nyumba moja, mbona mtoto hapatikani?

Chukua ua uliangalie. Linaning'inia likitazama chini, upana wake unakaribia kiganja. Lina rangi nyekundu iliyoiva, na limezungukwa na nyuzi ndefu zilizojipinda, zenye mistari ya zambarau na nyeupe. Nyuzi hizo ni mapambo ya kuitia wageni. Kitu cha maana kiko katikati: nguzo fupi. Kwenye nguzo hiyo kuna mikono mitano iliyobeba vifuko vya unga wa njano. Unga huo ndio chavua, mbegu ya kiume. Ukishuka na nguzo, unakuta kifuko cha kijani cha mviringo. Hilo ndilo tunda la kesho. Na mwishoni kabisa kuna vijiti vitatu vyenye vichwa vinavyonata, kama misumari mitatu iliyotawanyika. Chavua lazima ifike kwenye vichwa hivyo vitatu. Isipofika, kifuko kinageuka njano na ua zima linaanguka, na wewe unasema ni dume.

Umbali kati ya chavua na vichwa hivyo hauzidi upana wa kidole. Lakini chavua ya pasheni ni nzito na inanata. Upepo hauipeperushi kama ule unga wa mahindi unaoruka shamba zima. Lazima mtu aibebe. Kwa asili mbebaji ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za kenchi na nguzo za banda, anayevuma kama injini ya mtumbwi wa mbali. Akiingia kunywa utamu chini ya nyuzi, mgongo wake unagusa mikono mitano, unapakwa chavua, na katika ua linalofuata mgongo uleule unagusa vile vichwa vitatu. Mwili wake una kimo hasa cha kazi hiyo.

Nyuki wa asali hafai hapa. Ni mdogo. Anapita chini ya vichwa bila kuvigusa, anakusanya unga wa njano miguuni na kuondoka nao. Nimemwona mtu akifurahi kuona nyuki wa asali wamejaa kwenye pasheni yake asubuhi, na jioni anashangaa maua yameanguka. Walikuwa wanabeba chavua kwenda nayo kwao.

Na yule mweusi tumemfukuza wenyewe. Tumeziba matundu yake kwa simenti, tumempulizia dawa ya mende kwa sababu ana sauti ya kutisha, nguzo za mbao tumezibadilisha kuwa za chuma. Sisemi umwachie nyumba iliwe. Gogo moja kavu lisilotiwa dawa, likiegeshwa pembeni ya uzio pasiponyeshewa, linamtosha.

Kuna fundo la pili, na hili ndilo lililomkamata jirani yangu. Pasheni nyingi hazipendi chavua yao wenyewe. Ile aina nyingine ya pasheni ya juisi, yenye ganda la njano, ndiyo mfano mkubwa: chavua yake ikiangukia kichwa cha ua la mmea uleule, haikui, inakataliwa. Ni kama makabila yetu mengi yanavyokataza mtu kuoa ndani ya ukoo. Pasheni ndogo ya zambarau haina masharti hayo, inajizalisha yenyewe. Hii kubwa mara nyingi hushika vizuri zaidi ikipata chavua ya mmea mwingine uliotoka kwenye mbegu tofauti.

Sasa fikiria mtaa mzima unavyoipata. Mmoja kaileta kutoka mahali. Jirani kakata kipando. Wa tatu kakata kwa wa pili. Miaka mitano baadaye mtaa una mimea kumi na miwili, na yote ni mmea mmoja. Wameenea uwani kwa watu kumi na wawili lakini kiukoo ni mtu mmoja. Nyuki anaweza kuzunguka mtaa mzima asubuhi nzima akibeba chavua ya mmea huo kuupelekea huohuo. Yangu inazaa kwa sababu nina mashina mawili: lile la kipando, na jingine nililolipanda kwa mbegu ya tunda nililonunua kwenye boti ya Ukerewe. Wakati ule sikujua nafanya nini, nilitaka tu kuona kama mbegu itaota.

Kumfanyia nyuki kazi yake

Ua moja linaishi siku moja. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na saa zinatofautiana kwa aina. Pasheni ya zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya saa sita mchana. Ile ya njano hufunguka kwenye saa sita na kubaki wazi hadi saa tatu au nne usiku. Hii kubwa, kwangu, hufunguka asubuhi, na kufika saa mbili au saa tatu liko wazi kabisa. Ukisubiri utoke kazini jioni umeshachelewa.

Chukua brashi ndogo ya rangi ya watoto wa shule, au pamba kwenye kijiti. Gusa ule unga wa njano kwenye mikono mitano ya ua la mmea wa kwanza mpaka brashi ipauke. Nenda kwenye ua la mmea wa pili, upake kwenye vichwa vyote vitatu. Usiache hata kimoja, na usione aibu kupaka nyingi: kila mbegu ndani ya tunda inatokana na chembe yake ya chavua, na tunda lililopata chavua kidogo huwa dogo au limepinda upande mmoja. Kama huna brashi, kata mkono mmoja wa chavua kwa kucha uuburuze moja kwa moja kwenye vichwa. Mimi hupenda njia hii, haipotezi unga.

Angalia pia jinsi vichwa vilivyokaa. Ua likifunguka, vijiti vitatu huwa vimesimama mbali na chavua, halafu taratibu hujikunja kurudi usawa wake, mahali ambapo mgongo wa nyuki ungepita. Subiri vijikunje ndipo upake. Kwenye pasheni yako kutakuwa na maua ambayo vijiti vyake havijikunji kabisa. Hayo hayashiki, usijilaumu.

Mvua ndiyo adui wa kazi hii. Chavua ikilowa inapasuka na kufa. Katika vuli na masika yetu, wingu likishatanda upande wa ziwa, paka mapema na ulifunike ua kwa kifuko chepesi kwa saa mbili. Na dawa ya wadudu usipulize asubuhi wakati wa maua, hata kama mboga za jirani zina vidukari.

Baada ya siku chache utajua. Ua lililokosa linanyauka na kuanguka pamoja na kikonyo chake. Lililoshika linabaki, na kile kifuko cha kijani kinaanza kuvimba kwa kasi ya kushangaza. Kutoka hapo hadi kuiva ni miezi miwili hadi mitatu hivi.

Mahali pa kuipanda

Hapa sitakaa sana, kwa sababu mmea wenyewe si mgumu. Udongo wa kichanga wa milimani, ule Wasukuma wanaouita luseni, unaufaa ukiongezewa samadi iliyooza vizuri. Udongo mweusi wa mbuga unatuamisha maji na mizizi inaoza. Kama huna mwingine, inua tuta. Chimba shimo la futi mbili, jaza udongo wa juu na samadi, na uweke majani makavu juu kuhifadhi unyevu, maana kuanzia Juni hadi Septemba ardhi yetu hukauka na mmea huu haupendi kiu. Kipando cha pingili mbili au tatu kinawahi kuzaa kuliko mbegu. Panda vyote viwili, kwa sababu niliyoieleza.

Mawe ya Mwanza yanayowasumbua wajenzi ni rafiki kwa mmea huu. Una vijikono vinavyojiviringisha kama springi na kushika kitu chochote, na jiwe kubwa lenye kivuli upande mmoja linatunza ubichi wa mizizi. Ila usiutegemee uzio wa miti. Mmea ukikomaa unafunika eneo la chumba kizima, na kila tunda linaweza kufika kilo mbili au zaidi. Jenga kichanja cha nguzo imara na waya, kimo cha mtu mzima, ili matunda yaning'inie chini yake. Juu ya waya mimi nimetandaza nyavu chakavu ambazo mvuvi wa Mwaloni alikuwa anazitupa. Vipande vidogo vya nyavu hizohizo navifunga kama kapu chini ya kila tunda, nikishika uzito kwenye waya, la sivyo kikonyo kinachoka tunda likianza kunona.

Inzi wa matunda ni tatizo la kweli. Hutoboa tunda changa na kutaga, ukija kulipasua ni funza. Livalishe mfuko wa karatasi au wa kitambaa chepesi likiwa na ukubwa wa yai. Na yaliyoanguka yameoza yafukie, usiyaache chini ya mmea.

Kipi kinaliwa, kipi hakiliwi

Swali hili naulizwa na watoto na wazee sawasawa. Tunda lililoiva linaliwa karibu lote. Dalili ya kuiva ni harufu, utaisikia ukipita. Ngozi inang'aa na kupauka, na ukibonyeza kwa kidole gumba inakubali kidogo. Limenye ngozi. Ile nyama nyeupe nene haina ladha kali, iko kati ya papai lisiloiva sana na tango, na watu wengi huitupa wakidhani ni ganda. Usiitupe. Ikate vipande, changanya na ute wa katikati, ongeza ndimu. Utamu wa ute unauamsha ubaridi wa nyama, na hapo ndipo tunda hili linapopendeza. Aliyekula ute peke yake amekula nusu.

Kwa juisi, weka nyama na ute kwenye blenda kwa sekunde chache tu halafu chuja. Ukiacha blenda izunguke sana mbegu zinasagika na juisi inakuwa chungu yenye vumbi jeusi. Asiye na blenda apondeponde kwa mwiko na maji kidogo, apitishe kwenye chujio la chai. Mbegu zikimezwa nzima hazina madhara.

Tunda bichi ni mboga. Menya, kata vipande kama mung'unye, chemsha mpaka lilainike, kisha unga na karanga. Lakini liive jikoni, lisiliwe bichi kwenye kachumbari. Sababu yake tunaifahamu wote kanda hii tunaokula ugali wa udaga: muhogo mchungu una kitu ambacho kikipondwa hutoa sumu ya sayanaidi, na ndiyo maana mama zetu huuvundika na kuukausha. Majani ya pasheni hii, ngozi ya tunda bichi na mbegu changa vina kitu cha jamii hiyohiyo. Mizizi ndiyo isiguswe kabisa. Ni minene na mtoto anaweza kuifananisha na kiazi. Kama una watoto wadogo au mbuzi anayefukua, zungushia shina mawe.

Damu, sukari na nguvu za kiume

Ujumbe unaozunguka kwenye simu unasema tunda hili linaongeza damu kwa siku tatu. Tulifafanue. Damu kupungua maana yake mara nyingi ni upungufu wa chembe nyekundu, na ili mwili uzitengeneze unahitaji madini chuma. Pasheni haina chuma cha kutosha kufanya kazi hiyo. Ina vitamini C, na hiyo ina msaada wa aina nyingine. Chukulia chuma kilicho kwenye maharage, choroko na matembele kama shehena iliyo kwenye meli bandarini. Ipo, lakini kuishusha ni kazi. Sehemu kubwa inapita na meli. Vitamini C ni kuli anayesaidia kushusha. Kwa hiyo kipande cha pasheni pamoja na sahani ya maharage kina faida ya kweli. Lakini makuli hata wawe mia, meli ikija tupu hawashushi kitu. Na chai ya rangi pamoja na mlo inafanya kinyume, inazuia shehena isishuke, inywe baadaye.

Kuna jambo zito zaidi. Huku kando ya ziwa damu hupungua kwa sababu ambazo hakuna tunda litakaloziondoa: malaria, minyoo ya safura, kichocho tunachokipata majini tukioga na kufua. Mtoto aliyepauka viganja apelekwe kupimwa. Mjamzito anapewa vidonge vya madini chuma na foliki asidi kliniki, avimeze. Nimemwona binti mjamzito akiviacha kwenye kopo kwa sababu ameambiwa juisi ya majani ya pasheni inatosha, na majani hayo, nimeshasema, ni ya jamii ya sumu ya muhogo mchungu. Tafadhali usinywe, na anayekuuzia mwambie hivyo.

Kuhusu kisukari, tunda ni tunda. Lina sukari yake ya asili. Kipande kilicholiwa na nyuzi zake ni tofauti na glasi ya juisi iliyoongezwa vijiko vinne vya sukari. Mwenye kisukari alihesabu kwenye mlo wake kama anavyohesabu embe, na dawa aendelee nazo.

La nguvu za kiume limetoka kwenye jina, na historia yake ni nzuri kuijua. Watu husikia "pasheni" wakakumbuka neno la Kiingereza la mahaba, wakahitimisha. Lakini jina halikutoka huko. Wamisionari wa Kihispania walipoliona ua hili Amerika walilitumia kufundishia mateso ya Yesu: vile vichwa vitatu ni misumari, mikono mitano ni majeraha matano, nyuzi za kuzunguka ni taji la miiba. Pasheni hapo ni mateso ya msalabani. Wahispania waliita tunda lenyewe granadilla, yaani komamanga dogo, kwa ajili ya zile mbegu zilizovikwa ute. Ukiliangalia ua sasa, ukiwa umeshajua sehemu zake kwa ajili ya kupaka chavua, utaona walichokiona.

Turudi kwa mzee. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake saa mbili asubuhi na maua mawili kutoka kwenye shina langu la mbegu, nimeyashika kwa kikonyo ndani ya kikombe. Kulikuwa na maua matano yamefunguka juu ya banda la kuku. Nilimwonyesha kwa ua la kwanza, manne akapaka mwenyewe kwa kucha, amevaa miwani yake ya kusomea. Mawili yalianguka. Matatu yameshika, na jana yalikuwa yameshapita ukubwa wa yai la bata. Panga hajaliulizia tena. Ameniomba vipande vitatu vya nyavu, na mbegu za kupanda upande wa pili wa banda.